Mambo ya Nyumbani: Kitanda cha Mninga Kisiuzwe

Wasomaji wetu wa Mpale na vijiji vingine vya Korogwe wajua kwamba sakafu za mbao kwao ni chache; nyumba zilizo nyingi zina sakafu ya udongo au ya saruji. Mbao ngumu zimo katika vyombo vingine: mlango wa mbele, kabati, na khasa kitanda cha wazazi. Vijana wakikiona kitanda hicho kimefifia na kujaa mikwaruzo, hutamani kukiuza kwa bei ya kuni, wanunue cha msindano king'aacho kwa vanishi. Twaona hiyo ni hasara kubwa. Mninga hukua polepole katika miombo kama ile ya Handeni, na hupita miongo mingi kabla ya mti kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Tena kilichofifia ni ngozi ya juu tu. Ubao wenyewe haukupungukiwa na kitu.

Kwanza kitazameni kwa chini. Mkiona unga mwembamba sakafuni, wamo wadudu. Hao hupenda sehemu nyeupe ya mti iliyo karibu na gome. Moyo wake wa rangi ya kahawia huwashinda. Kipande kilichobunguliwa na kiondolewe na seremala, maana vanishi haimuui mdudu aliye ndani.

Ikiwa kitanda au mlango ulipakwa rangi zamani, msiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huwadhuru watoto wadogo katika ubongo. Ilowesheni, muikwangue taratibu nje ya nyumba, na taka zake zisibaki uani wanapochezea watoto.

Sasa msasa. Jina hili ni la mti wetu wenyewe, ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani kuja. Katika karatasi hizo, namba ikizidi, ulaini huzidi: anzeni na 80, kisha 120, mmalizie na 220. Mkono ufuate nyuzi za ubao, usizikate. Mikwaruzo iliyokata nyuzi hujificha ubao ukiwa mkavu, ikajitokeza yote mafuta yakishapakwa, na hapo hapana budi kuanza upya. Mashine huifanya kazi hii upesi, na upesi huo ndio ubaya wake: hula nakshi na pembe kabla fundi hajatanabahi. Ondoeni kidogo iwezekanavyo, ili na wajukuu wapate cha kupiga msasa.

Vumbi la mninga, na la mvule pia, huwasha ngozi na kubana kifua. Fungeni kitambaa puani, na mwenye pumu asikaribie.

Vumbi likishafutwa, pakeni mafuta ya kitani kwa tambara, kidogo kidogo, na baada ya robo saa futeni yaliyobaki juu. Rudieni kesho yake, na kesho kutwa. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayafai, kwani hayakauki, hunata na kuvunda.

Lakini jihadharini na lile tambara! Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni laweza kuwaka lenyewe bila ya kiberiti, watu wakiwa wamelala. Nyumba zimeungua kwa sababu hiyo. Litandazeni nje peke yake mpaka likauke kabisa, au litieni ndani ya ndoo ya maji.

Kitanda kiwekwe penye upepo, si juani. Godoro lisirudi juu yake kabla ya siku 7, na kwa kipindi cha mvua, wakati unyevu ni mwingi, ngojeni zaidi, mpaka kiganja kikipita juu ya ubao kisinate.