Wafanyabiashara wa Bukoba hawajalala

Ndugu mwandishi, hapo uliposema katika makala yako kuwa mji umepoa kwa sababu watu wake wamezembea, sikubaliani nawe. Mimi ni mgeni, nimehamia Bukoba kikazi kutoka Tanga. Ni kweli, katikati ya mji nayaona maduka ya zamani yaliyofungwa na kuta zilizopauka. Lakini tuangalie mji huu umepitia nini. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na mkulima akikosa fedha, mwenye duka mjini naye hauzi. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ikazama na mamia ya watu wakafa. Ugonjwa wa mnyauko ukaingia migombani. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi likabomoa nyumba. Mji gani usingeyumba?

Pamoja na hayo, akina mama sokoni wanawahi alfajiri na ndizi zao, na msimu wa senene, panzi wanaoliwa, ukifika, biashara inachangamka. Tangu 2020 meli imerudi kati ya Mwanza na Bukoba. Abiria wanashuka asubuhi na wengi wanaondoka moja kwa moja. Naiomba manispaa iweke taa, mitaro na vibanda safi kati ya bandari na soko, ili kahawa ya Tanica, senene wa kukaangwa na vanila viuzwe hapo hapo. Wenye majengo nao wapunguze kodi ya pango, vijana waingie. Wateja wapo, tuwape sababu ya kusimama.