Unauza mbegu ya boga au unauza picha?

Wadau, mvua zikikaribia huku Dodoma, status zinajaa maboga. Mzungu kasimama pembeni ya boga kubwa kama bajaji, chini imeandikwa "Mbegu za boga jitu, tunatuma mikoani, bei inbox." Ukimuuliza muuzaji mbegu imetoka wapi, anakujibu "imetoka nje, boss, ni original." Basi. Hapo ndipo nina ugomvi na wenzangu.

Maboga hayo yapo kweli, tusibishane. Oktoba 2025 mapacha wawili wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima boga la kilo 1,278.8, rekodi ya dunia. Kabla yao rekodi ilikuwa ya Travis Gienger wa Marekani, kilo 1,247, mwaka 2023. Kwa hiyo mteja akikuuliza kama boga linaweza kufika tani, mwambie linafika. Ila wale watu hawanunui mbegu kwa kuangalia picha. Wananunua ukoo.

Kwao mbegu ina jina kama mtu. Jina lenyewe ni uzito wa boga ilimotoka (wanapima kwa ratili), jina la ukoo la mkulima, na mwaka. Wanaandika pia boga mama lilikuwa lipi na ua dume lilitoka kwenye mche upi. Koo nyingi za majitu hayo zinarudi kwa Howard Dill, mkulima wa Nova Scotia, Kanada, aliyeshinda mashindano ya dunia miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mbegu yake ya Atlantic Giant. Tangu hapo watu wamechagua na kuandika, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana pakiti ya dukani yenye jina hilo haina nguvu sawa na mbegu iliyotoka kwenye boga linalojulikana uzito na wazazi.

Na hata ukiwa na ukoo, bado kuna matunzo. Wanaacha tunda moja tu kwenye mche, na likiwa kwenye kasi yake linaongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku. Sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji. Sasa wewe unamuuzia mtu wa Chamwino au Bahi, mahali penye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, tena mvua yenyewe mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Bila kisima, atavuna boga la kawaida na hasira. Msimu wake umekwenda, hapati mwingine mpaka mwakani, na namba yako anayo.

Tena muulize kwanza anataka uzito wa nini. Pale Majengo au Sabasaba mama anayenunua boga anataka analoweza kubeba, likipikwa liwe kavu na tamu. Yale majitu nyama yake ni ya majimaji, wengi wanalima kwa mashindano na maonyesho. Mkulima wa Kongwa akisema "nataka mbegu ya maboga mazito", mara nyingi anamaanisha kilo nyingi shambani kwa jumla, pamoja na majani ya mboga na mbegu za kukaanga. Huyo ukimpa jitu umemwibia kistaarabu.

Mimi naona kazi ya muuzaji mdogo ni kuujua ukoo wa boga la hapa hapa. Tatizo ni nyuki. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mche mmoja, na nyuki wetu hawaheshimu mipaka ya mashamba. Ukichukua mbegu kwenye boga zuri ulilolikuta shambani, mama unamjua, baba anamjua nyuki. Labda ni kiboga kidogo cha jirani. Mwakani mteja anapanda, yanatoka ya kila umbo, anasema umempiga. Na wewe uliapa ni mbegu ya boga kubwa, na kweli ilitoka kwenye boga kubwa!

Dawa yake ni uzi. Jioni tafuta ua jike ambalo litafunguka kesho (lina kiboga kidogo chini yake), lifunge ncha lisifunguke lenyewe. Funga pia ua dume la mche mwingine mzuri wa aina hiyo hiyo. Alfajiri fungua, pakaza chavua, funga tena ua jike, weka alama kwenye kikonyo. Boga likikomaa, pima, andika. Boga moja linakupa mbegu mia kadhaa, na wazazi wote unawajua.

Angalia pia kikonyo. Maboga ya ukoo wa yale majitu yana kikonyo cha mviringo, laini kama kizibo cha chupa ya mvinyo wetu wa Dodoma. Mengine yana kikonyo kigumu chenye pembe tano, kinachotanuka kinapokutana na boga. Hizo ni spishi mbili, kuzichanganya kwenye pakiti moja ni kumchanganya mteja. Na wale wanaosema boga limeharibiwa na tikiti la jirani, hapana, hayo hayazaliani.

Mbegu chotara, zile zilizoandikwa F1, usizirudie. Ukikamua boga lake na kuuza mbegu, watoto hawafanani na mzazi.

Halafu sheria, maana wengi wanajifanya hawaijui. Kuuza mbegu za kupanda kunataka usajili TOSCI, na kuagiza mbegu nje kuna vibali vya TPHPA. Ile bahasha inayokuja kimya kimya na vipodozi inaweza kuleta ugonjwa shambani. Kama huna mtaji wa usajili, shirikiana na mkulima wa daraja la kuazimiwa ubora, QDS, anayekaguliwa na kuuza kwenye eneo lake, au uza pakiti zenye lebo za wenye usajili.

Tangazo langu ningeliandika hivi: "Boga la kula, kavu, tamu. Mama kilo 9, baba mche wa aina hiyo hiyo, maua yalifungwa. Limelimwa Hombolo kwa mvua tu. Nimejaribu mbegu 10 kwenye kitambaa chenye maji, 9 zimeota." Piga picha ya boga lenyewe likiwa kwenye mzani. Halitavutia kama la yule mzungu. Likes zitakuwa chache, lakini aliyenunua atarudi Novemba kuuliza kama ile mbegu bado ipo.