Msiisingizie spidomita ya mjomba

Wadau, jana jioni vimbwetani nusura nigombane na watu. Nilisimulia kisa cha Datsun 240Z ya mjomba, wakacheka weee, halafu mmoja akatoa hukumu: "Gari ya zamani haitaki umeme wa kisasa. Mrudishieni kebo yake." Wote wakaitikia. Mimi nakataa!

Kwa wasiojua, 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Spidomita yake ya asili haihitaji umeme kusukuma mshale. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku, sumaku inakivuta kikombe cha alumini bila kukigusa, mshale unapanda. Akili tupu. Sasa kebo ya mjomba ilikatika, akaamua kuweka ya kielektroniki. Hapo sensa inafungwa palepale kebo ilipokuwa, inatoa mapigo kadiri mhimili unavyozunguka, na mita inayahesabu. Waya tatu tu: umeme, bodi na ishara.

Waya tatu, na fundi kazikosea zote! Umeme kauchukua kwenye taa za dashibodi, kwa hiyo mchana mshale umelala mpaka uwashe taa. Mwe! Alipolalamikiwa akauhamishia kwenye koili, wakati koili ya gari hii inalishwa kupitia rezista inayopunguza volti. Mita itapata wapi 12 zake? Waya wa ishara kaupitisha sambamba na nyaya za plagi: gari imesimama, injini inanguruma, mshale unasema 40. Bodi kaifunga kwenye skrubu yenye rangi na kutu. Maungio yote selotepu.

Na kubwa kuliko yote, hakupima. Mita haijui tairi yako ina ukubwa gani mpaka uiambie. Wiki iliyopita mjomba kapita kijiji kimoja kabla ya Chalinze, mwisho pale 50, mshale unamwonyesha 48. Trafiki wakampiga tochi: 60. Faini kalipa, sawa, lakini je, angekuwa mtoto anavuka? Halafu mnaniambia kosa ni la umeme wa kisasa!

Nawapa moja tu. Nyaya za gari hii ni za kuhurumia: moto wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi yenyewe, hakuna relei, na boksi la fyuzi linajulikana kwa kuchemka. Ndiyo maana usidandie waya wowote unaouona. Mita inakula umeme kidogo sana, ipe njia yake inayowaka na swichi ya ufunguo, na fyuzi yake ndogo. Waya wa asili usikatwe hata mmoja. Mita ya zamani ihifadhiwe, na kilometa zake ziandikwe mahali, maana ya mpya inaanza sifuri na mnunuzi atadanganyika.

Jumamosi nashuka kwa mjomba. Waya wa ishara nauwekea wenye ngao, ngao naibana bodi upande mmoja tu, nautoa mbali na plagi. Kisha tunatafuta vibao vya kilometa barabarani, tunatembea kilometa 5 kamili na kurekebisha hesabu ya mapigo, na kuilinganisha na simu. Yule jaji wa vimbwetani namkaribisha. Mwenye multimita aje nayo, yangu betri imekufa na boom bado.