Maharage ya kopo yatoke mezani

Yale maharage meupe ya kopo, yenye rojo tamu la nyanya, yamegeuka alama ya ustaarabu kwenye kifungua kinywa chetu. Akija mgeni wa heshima, kopo linafunguliwa. Mimi ni mtoto wa Mbeya, nimelelewa kwa maharage, na jambo hili linanikera.

Tazama safari yenyewe. Kiwanda cha Heinz kilichopo Wigan, Uingereza, kilichofunguliwa 1959, huagiza maharage makavu kwa wingi kutoka Amerika ya Kaskazini. Yakifika hutiwa kwenye makopo pamoja na rojo, huivishwa kwa mvuke, na mengine huishia supamaketi za Dar es Salaam. Tunaolima maharage kuanzia Mbozi hadi Karagwe tunayanunua kwa bei ya anasa. Na karibu nusu ya kopo ni rojo!

Nyumbani hayana ugumu. Loweka nusu kilo ya maharage meupe madogo usiku kucha; ukiyakosa, ya njano yanafaa. Mwaga maji yale, tia mapya, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, maana maharage yasiyoiva yana sumu inayovuruga tumbo. Punguza moto, yaache mpaka punje ipondeke ukiibana kwa ulimi tu.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Nyanya na sukari guru zisiingie kabla punje haijalainika. Uchachu wa nyanya unayafanya maharage yagome, na sukari guru nayo hivyo hivyo, hata uchochee hadi jioni. Magadi yatayalainisha, sikatai, lakini yanaua vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

Yakishaiva, kaanga kitunguu, tia nyanya zilizosagwa, karafuu mbili, kijiko cha haradali, chumvi na sukari guru kidogo. Nimesema kidogo, hatupiki kashata. Changanya na maharage na maji yake kiasi, funika, bakiza makaa machache chini, mengine palia juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Baada ya saa moja ya juu yameshika rangi ya kahawia na rojo limeganda kwenye punje. Utamu huo kopo halina, kwa kuwa maharage yake hayajaonja moto wa juu.

Mtaniambia mkaa ni ghali. Kweli kabisa, na ndiyo maana sishauri kupika kibakuli kimoja. Chemsha kilo nzima kwenye sufuria la presha, gawanya, gandisha. Nusu kilo kavu hutoa zaidi ya kilo moja iliyoiva.

Na ninyi mnaonunua chakula cha hoteli za Arusha na Zanzibar, nunueni gunia la maharage Mbulu, mpeni mpishi sufuria zito na muda wa kutosha. Anajua kazi yake.