Wepesi wa Kampuni Una Gharama Yake

Safari hii safu inawalenga hasa wanaosomea biashara. Wengi mtaajiriwa na kampuni zinazojisifu kwa utaratibu wa ajaili. Mimi napenda kuuita wepesi. Mtu mwepesi hukimbia, na mwepesi wa kushika huelewa upesi, na kampuni inahitaji yote mawili.

Februari 2001, watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, wakaandika tamko fupi. Walitaka kazi itolewe kidogokidogo, mteja aione mapema, na mpango ubadilike kadiri mahitaji yake yanavyobadilika.

Baadaye hata mabenki yaliingia. Benki ya ING ya Uholanzi ilianza mwaka 2015 katika makao yake makuu, yaliyokuwa na wafanyakazi wapatao 3,500. Watu wa masoko, wa bidhaa na wa kompyuta, ambao zamani kila mmoja alikaa idarani kwake, walichanganywa katika vikosi vya watu tisa hivi. Kila kikosi kilibeba shughuli moja ya mteja tangu mwanzo hadi mwisho. Vikosi navyo vikakusanywa katika "makabila", jina ambalo kwetu Afrika Mashariki lingezua ubishi kabla kikao cha kwanza hakijafunguliwa! Programu zilizokuwa zikitolewa mara tano au sita kwa mwaka zikaanza kutolewa kila wiki mbili au tatu.

Lakini wafanyakazi wote wa makao makuu walitakiwa kuomba kazi upya. Karibu asilimia 40 walijikuta katika nafasi tofauti. Wengine wenye ujuzi mzuri walikosa nafasi, kwa kuwa benki ilitazama zaidi mwelekeo wa mtu kuliko ujuzi wake. Kwangu mimi huo ni ukali uliopita kiasi.

Hata hivyo, ING waligusa penyewe: madaraka. Waigaji wengi huchukua kikao cha kusimama cha dakika 15 na vikaratasi vya rangi ukutani, huku kila uamuzi ukiendelea kusubiri saini ya mkubwa aliye safarini.

Basi ukiitwa kwenye usaili, waulize: kikosi kikigundua kwamba wateja hawaitaki bidhaa, nani mwenye ruhusa ya kuisimamisha, na itamchukua siku ngapi?