Aliyekodi kiti na aliyepanga chumba

Jumamosi iliyopita nilikwenda mtaani Ziwani kusukwa, nikakuta mlango wa msusi wangu umetiwa kufuli jipya. Mwenyewe alikuwa ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, kioo chake, draya yake na mifuko ya nywele bandia vimerundikwa ukutani. Chumba hicho cha mabati, kilichoongezwa nyuma ya mojawapo ya zile nyumba za kale za halmashauri, alikuwa ameishi kwacho kibiashara kwa miaka miwili. "Mwalimu," akaniambia, "nilipewa siku saba. Anasema mimi si mpangaji, nilikaribishwa tu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Je, mtu aliyelipa kila mwezi, tena aliyetoa gudwili kabla ya kukabidhiwa ufunguo, anawezaje kugeuzwa mgeni?

Safari ya wasusi wengi wa Nairobi inajulikana. Msichana huanza katika saluni ya mwingine akilipwa kamisheni kwa kila kichwa. Akishapata wateja wake, hukodi kiti katika saluni hiyo hiyo na kumlipa mwenye saluni kwa siku au kwa juma. Hatimaye hutafuta chumba chake mwenyewe, ajifungie na wateja wake, apange bei yake na saa zake. Huko Marekani jambo hili limekuwa biashara kubwa. Kampuni ya Sola, iliyoanzishwa Denver mwaka 2004, kazi yake ni kugawa jengo katika vyumba vidogo na kuvipangisha kwa wasusi na warembeshaji. Sisi tulikuwa tumekwisha kuyajua hayo katikati ya jiji, ambako maduka makubwa yalikatwakatwa kwa mbao na vioo yakawa vibanda vya eksibisheni. Mitaa ya Eastlands nayo ikafuata kwa mabati.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria, lakini mgogoro huu ni wa maneno kabla haujawa wa fedha. Kiswahili sanifu kina vitenzi viwili ambavyo wakazi wa Nairobi tumezoea kuvichanganya. Hukodi kitu cha kutumia kwa muda: baiskeli, mashua, viti vya arusi. Hupanga mahali: nyumba au chumba. Aliyekodi hutumia kitu ambacho bado kiko mikononi mwa mwenyewe. Aliyepanga huweza kufunga mlango. Sheria nayo inatenganisha mambo hayo hayo mawili. Katika kesi ya Street dhidi ya Mountford ya mwaka 1985, iliyohusu vyumba mjini Bournemouth, majaji wakuu wa Uingereza walikataa hati iliyomwita mpangaji "mwenye ruhusa" tu. Walisema kwamba ikiwa mtu amepewa mahali apamiliki peke yake, kwa muda fulani na kwa malipo, basi huyo ni mpangaji, hata hati ikimwita vinginevyo. Hoja yao ingempendeza mwalimu yeyote wa semantiki: jina halibadili umbo la kitu.

Hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayowahusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Wengi hudhani kwamba saluni haimo. Imo! Fasili ya duka katika sheria hiyo inajumuisha mahali panapotolewa huduma kwa malipo. Zaidi ya hayo, upangaji usioandikwa popote ndio hasa unaolindwa, pamoja na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kuuvunja wala kupandisha kodi bila kutoa notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na mpangaji asiyeridhika anaweza kulipeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla notisi haijaanza kutenda kazi. Siku saba zimetoka wapi?

Lakini nisimdanganye msomaji. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba upangaji ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mhusika haumo katika ulinzi huo. Nyumba za Ziwani ni za kaunti. Aliyemfukuza msusi wangu naye ni mpangaji, na chumba cha mabati amekijenga juu ya ardhi isiyo yake. Baina yake na msusi, kaunti haimo, kwa hiyo nadhani msusi ana hoja. Ila siku kaunti itakapomwondoa yeye, ngao ya msusi itaanguka pamoja naye. Hili si jambo la kubuni. Ziwani umo katika mpango wa kujenga upya mitaa ya kale ya jiji, na kule Pangani, ulikotangulia, waliotambuliwa ni wapangaji 48 wa awali. Asiyekuwapo na lake halipo, na msusi wa chumba cha nyuma hayumo katika daftari lolote.

Aliyekodi kiti yuko pabaya zaidi, kwani hana mlango wa kufunga. Hata hivyo, ikiwa mwenye saluni ndiye anayepanga bei, saa na dawa za nywele, basi huenda huyo si mkodi wala mpangaji bali ni mwajiriwa, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku 21 za likizo kwa mwaka na miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Ndiyo maana wenye saluni wengi hulipenda neno "kiti".

Na hiyo gudwili! Katika Kiingereza cha wafanyabiashara, neno hili lina maana ya thamani ya jina jema na wateja ambao mwuzaji amejipatia kwa kazi yake. Nairobi tumeligeuza kichwa chini miguu juu: ni fedha anazotoa mgeni asiye na mteja hata mmoja, aghalabu bila risiti, ili aruhusiwe kuingia. Wateja wa Ziwani walivutwa na vidole vya msusi; mwenye chumba alikwisha kulipwa thamani yao kabla hawajafika.

Walimu wenzangu, tunawafunza wanafunzi kuandika memo, wasifukazi na kumbukumbu za mikutano. Kwa nini tusiwape zoezi la mkataba wa chumba, kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya rasmi? Wengi wa mabinti hao watashika kitana kabla ya kushika shahada.

Msusi wangu amekwisha kuonyeshwa chumba kingine upande wa Kariokor. Safari hii ipo karatasi, kurasa mbili za Kiingereza, na katika mstari wa kwanza ameitwa "mwenye ruhusa". Nimemwomba asitie sahihi hadi nitakapoisoma Jumatano.