Taarifa ya Kila Wiki kwa Mzazi: Yanayofundishwa Darasani Yafike Nyumbani Kabla ya Ripoti ya Muhula

Wanafunzi walioingia Darasa la Tatu mwezi Januari 2024 wana muda mfupi kuliko kaka na dada zao waliowatangulia. Wamo katika kundi la kwanza kusoma kwa mtaala ulioboreshwa, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014 Toleo la 2023, ambayo imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuongeza elimu ya lazima kutoka miaka saba hadi kumi. Mwaka 2027 watahitimu pamoja na wenzao wa Darasa la Saba wanaomalizia mtaala wa zamani. Mwaka mmoja umeondolewa katika safari yao, na pamoja nao imeondoka nafasi ya kugundua kwa kuchelewa kwamba mtoto aliachwa nyuma.

Hapo ndipo suala la mawasiliano kati ya darasa na nyumba linapopata uzito mpya. Kwa desturi iliyozoeleka, mzazi wa shule ya msingi hupata ripoti ya maendeleo ya mwanawe mara mbili kwa mwaka, shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba. Katika miaka sita ya elimu ya msingi hizo ni ripoti kumi na mbili. Mwaka wa masomo una siku 194, sawa na wiki 39 hivi, kwa hiyo kati ya ripoti moja na nyingine hupita takribani wiki ishirini ambazo mzazi hana habari rasmi ya kile mtoto anachojifunza. Ripoti yenyewe, inapofika, huwa na alama za masomo, nafasi ya mtoto darasani na maneno mawili ya mwalimu ambayo wazazi wengi wanayajua kwa moyo: "Aongeze bidii." Katika nini, na kwa namna gani, haisemwi.

Mtoto wa Darasa la Tatu asiyeelewa kugawanya mwezi Februari hasubiri Juni ili apate shida. Mada zinazofuata zinajengwa juu ya ile iliyomshinda, na kila wiki inayopita inaongeza tofali juu ya msingi wenye ufa. Kwa mtoto wa Darasa la Kwanza anayechanganya silabi, hali ni hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi, kwa kuwa asiyeweza kusoma hukwama katika kila somo lingine litakalokuja. Upimaji wa Darasa la Pili wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ule wa Kitaifa wa Darasa la Nne, husaidia Serikali kuona hali ya nchi na ya shule. Kwa mtoto mmoja mmoja, matokeo yake hufika wakati miaka miwili au minne imekwisha kupita.

Wazo la taarifa ya kila wiki ni jepesi kulieleza. Mwalimu wa darasa huwajulisha wazazi, mwishoni mwa wiki, mambo makuu yaliyofundishwa, yanayotarajiwa wiki inayofuata, na jambo moja ambalo mzazi anaweza kumwuliza mtoto nyumbani. Shule kadhaa za binafsi mijini zimekuwa zikifanya hivyo kwa miaka, kwanza kwa daftari la mawasiliano lililosainiwa na mzazi kila Ijumaa, na siku hizi kwa makundi ya WhatsApp. Swali lililopo ni namna jambo hilo linavyoweza kufanyika katika shule ya Serikali yenye watoto wengi, walimu wachache na wazazi wasiofanana kwa kipato, kwa elimu wala kwa aina ya simu.

Ushahidi wa nje ya nchi unatoa matumaini pamoja na tahadhari. Nchini Malawi, utafiti wa mwanauchumi Rebecca Dizon-Ross uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wazazi wengi walikuwa na picha isiyo sahihi ya uwezo wa watoto wao shuleni, na kwamba walipopewa matokeo halisi kwa lugha nyepesi walibadili uamuzi wao kuhusu namna ya kuwagharimia. Wazazi maskini na wenye elimu ndogo ndio waliokuwa mbali zaidi na ukweli, ingawa mapenzi yao kwa watoto hayakuwa pungufu. Nchini Chile, ujumbe mfupi wa simu uliopelekwa kwa wazazi wa shule za kipato cha chini, ukieleza mahudhurio kila wiki na alama kila mwezi, uliinua alama za hisabati na kupunguza utoro.

Tahadhari inatoka jirani. Nchini Kenya, watafiti walifuatilia kaya ambazo watoto wao walipimwa na Uwezo, wazazi wakaelezwa matokeo papo hapo pamoja na mambo wanayoweza kufanya. Watafiti hao, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2014, hawakuona mabadiliko ya maana katika matendo ya wazazi hao. Nchini Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, kundi moja la kaya lilipelekewa maswali ya hisabati kila wiki kwa ujumbe mfupi pekee, na kundi jingine likapelekewa ujumbe huo pamoja na kupigiwa simu ya dakika 15 hadi 20 na mwalimu. Watoto wa kundi la pili walipiga hatua inayoonekana. Kwa kundi la ujumbe pekee, hapakuwa na tofauti ya kutegemewa.

Matokeo hayo manne hayapingani kama yanavyoonekana kwa mara ya kwanza. Mzazi aliyeambiwa tu kwamba mtoto wake hajui kusoma amepewa huzuni, na bado hajapewa kazi. Mzazi aliyeambiwa kwamba wiki hii watoto wanasoma hadithi fupi za aya moja, na kwamba jioni amsikilize wake akisoma kisha amwulize nani alifanya nini, amepewa kazi ya dakika kumi anayoweza kuifanya huku akipika. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza. Tofauti kati ya taarifa inayozaa matendo na ile inayopita sikioni ipo hapo, na kwa kiasi kikubwa haitegemei teknolojia iliyotumika.

Kwa upande wa sera, mlango umekwisha kufunguliwa. Waraka wa Elimu Na. 3 wa Mwaka 2016 kuhusu elimumsingi bila malipo ulibainisha majukumu ya kila mdau, wazazi na walezi wakiwemo, na ufuatiliaji wa maendeleo ya mtoto ni miongoni mwa yanayobaki mikononi mwao. Katika miaka ya mwanzo baadhi ya wazazi walilielewa neno "bila malipo" kuwa ni "bila mzazi," jambo ambalo viongozi wa elimu wamelazimika kulisahihisha katika mikutano mingi. Lakini haki haitendeki kumlaumu mzazi kwa kutofuatilia jambo ambalo hakuna aliyemjulisha. Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, maarufu kama UWAWA, unaohimizwa na programu ya Shule Bora katika mikoa tisa ya Dodoma, Kigoma, Katavi, Mara, Pwani, Rukwa, Simiyu, Singida na Tanga, umeweka wazazi wawakilishi wa madarasa, na kwa hiyo sehemu ya njia ambayo taarifa ingepitia tayari imechimbwa.

Kikwazo cha kwanza ni muda wa mwalimu, na hesabu yake si ya kubeza. Kwa kiwango kinachotakiwa cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, mwalimu anayeandika maelezo ya dakika mbili kwa kila mtoto anahitaji saa moja na nusu kila wiki. Darasa likiwa na watoto 100, kama ilivyo katika shule nyingi zilizofurika baada ya uandikishaji kuongezeka, zinahitajika saa tatu na dakika ishirini. Hakuna mwalimu wa darasa la namna hiyo mwenye saa hizo, na kumwagiza afanye hivyo ni kumwagiza aandike uongo.

Gharama nayo ina kikomo chake. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni moja kwa moja, nyingine zikibaki kwa ajili ya vitabu. Karatasi moja kwa kila mtoto kila wiki, hata ikigharimu shilingi 50 tu, ni shilingi 1,950 kwa wiki 39. Karibu theluthi moja ya fedha ya mtoto huyo ingeliwa na karatasi za kumweleza mzazi kwamba shule haina chaki.

Ndiyo maana taarifa ya mtoto mmoja mmoja kila wiki si mahali pa kuanzia. Pa kuanzia ni taarifa ya darasa, na hiyo, kwa kweli, imekwisha kuandikwa. Kila mwalimu anaandaa azimio la kazi linalopanga mada kwa mwezi na kwa wiki kabla muhula haujaanza, kisha andalio la somo kwa kila kipindi. Nyaraka hizo hukaguliwa na mwalimu mkuu na huombwa na wathibiti ubora wa shule wanapofika. Mtu pekee asiyeziona ni mzazi. Kunakili mstari mmoja wa azimio la kazi kwa kila somo, kwa Kiswahili chepesi, ni kazi ya dakika kumi na tano kwa darasa zima, liwe na watoto 40 au 140.

Pa kuinakili papo pia. Shule zimekwisha kuzoea kubandika mapato na matumizi ya ruzuku kwenye ubao wa matangazo ili wananchi wayaone. Ubao huo huo unaweza kubeba, kila Ijumaa, mistari michache kwa kila darasa. Mtoto anaweza kuinakili katika daftari lake kama zoezi la mwandiko, na kwa njia hiyo taarifa ikafika nyumbani bila karatasi ya ziada wala kifurushi cha intaneti. Mwakilishi wa wazazi wa darasa mwenye simu anaweza kuipeleka kwa wenye simu, na mwenyekiti wa kitongoji akaisoma mkutanoni. Njia hizi hazina mvuto wa programu ya simu, lakini zinafika kwa bibi anayelea wajukuu watatu huku wazazi wao wakiwa mjini kutafuta riziki. Kaya za namna hiyo ni nyingi, na mpango wowote unaodhani kuwa kila mtoto anaishi na baba na mama wenye simujanja utawaacha nje wale ambao ungewafaa zaidi.

Muda unaookolewa kwa kutoandika habari za kila mtoto unaweza kutumika kwa watoto wachache walio katika hatari. Mwalimu anayezungumza na wazazi watano kila wiki, kwa simu au pale langoni, katika darasa la watoto 45 atakuwa amemfikia kila mzazi ndani ya wiki tisa. Na kwa aliye na watoto 100, akiwaanza wale ambao daftari la mahudhurio linaonyesha wamekosa siku mbili au zaidi, atakuwa anawafikia wanaohitaji kufikiwa. Mfano wa Botswana unaonyesha kwamba sauti ya mwalimu ndiyo iliyoleta tofauti. Nani atalipia muda wa maongezi ni swali ambalo kamati za shule zinapaswa kulijibu kabla mwalimu hajaanza kutoa mfukoni mwake.

Makundi ya WhatsApp yanahitaji uangalifu wa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kupiga picha orodha ya matokeo ya darasa zima na kuirusha katika kundi la wazazi 80 ni jambo linalofanyika mara kwa mara kwa nia njema, na linamwanika mtoto wa mwisho mbele ya mtaa. Mada za wiki ni za wote na zinaweza kutangazwa popote. Hali ya mtoto mmoja ni ya mzazi wake na mwalimu, basi.

Kuna hofu nyingine iliyojitokeza Kenya baada ya mtaala wa umilisi kuanza, pale wazazi walipolalamika kwamba kazi za nyumbani zimegeuka kuwa kazi zao, wakitafuta vifaa usiku na kufanya mazoezi ambayo watoto walipaswa kuyafanya. Mtaala ulioboreshwa nchini nao unahimiza mtoto atende na kugundua, na wazazi wengi hawakufundishwa hivyo. Taarifa ya wiki ikianza kudai rangi, kadibodi na chapa ya kompyuta, itapoteza wazazi kabla ya mwezi kwisha. Swali moja la kumwuliza mtoto linatosha kwa wiki: "Wiki hii mmejifunza kupima urefu. Chumba hiki kina hatua ngapi?"

Kinachobaki bila jibu ni nani atakayeangalia kama jambo hili linafanyika. Likiongezwa katika orodha ya majedwali ambayo mwalimu mkuu huyajaza kwa ajili ya TAMISEMI, litajazwa, na ubao utabaki mtupu. Wathibiti ubora hawawezi kuwa katika kila shule kila Ijumaa. Walio karibu zaidi ni wawakilishi wa madarasa na wajumbe wa kamati ya shule, ambao hupita mbele ya ubao huo wakienda shambani au sokoni, na ambao wataona wenyewe kama tarehe iliyoandikwa juu yake ni ya wiki hii au ya mwezi uliopita.